Mwaridi Usio na Nyuki

Mwaridi ulikuwa umechanua wote, mwekundu, na hakukuwa na hata nyuki mmoja. Sevgül aliliona hilo, akalipuuza.

Ilikuwa siku ya Hıdırellez, ambapo kwao Uturuki wanawake hufunga kwenye mwaridi mfano wa kile wanachokiomba. Hapa ugenini Duisburg, mtu wa ghorofa ya nne mwaridi ataupata wapi? Ndiyo maana yeye na shoga yake Dilber walikuwa wakitembea katika bustani hii iliyotelekezwa tangu mgodi ulipofungwa, mabenchi yameoza, nyasi mpya zimefika magotini.

"Shoga, twende zetu," Dilber alinong'ona. "Husikii harufu? Maziwa yaliyochacha."

"Pua yako tu. Wewe una watoto watatu, utajuaje ninavyolala mimi?"

Mimba mbili zilikuwa zimemtoka Sevgül, na mama mkwe alipiga simu kila Ijumaa kuuliza kama kuna habari. Jamani, inauma! Kwao huombi chochote mtini kabla ya kumtaja Mungu, maana miti ina wenyewe wasioonekana. Sevgül hakukumbuka. Alifunga tawini kitanda kidogo cha mtoto, alichokishona kwa kitambaa, akasema, "Nipe mtoto. Yeyote, nitamlea."

"We! Umemwomba nani?" Dilber alishtuka. "Mtaje Mungu, haraka!"

Upepo haukuwepo. Kile kitanda kitupu kilianza kubembea taratibu, na tawi likainama kwa uzito.

Mimba ilishika mwezi uleule. Mumewe, Ferhat, aligawa vitafunio vitamu vya baklava jengo zima, akilia kwa furaha mlangoni kwa watu.

Kisha harufu ile ya maziwa ikaingia nyumbani, ikakaa kwenye mapazia na kwenye mito, na kila Sevgül alipojilaza alisikia kitu kikinyonya ukutani, polepole, kikipumzika na kuanza tena, hadi mchana mmoja, Ferhat akiwa kazini, tumboni mwake humohumo ukaanza kuimbwa wimbo wa kubembelezea mtoto, kwa sauti ya mwanamke mtu mzima.

Dilber ndiye aliyemleta shehe Muammer. Mzee alitega sikio karibu na tumbo la Sevgül, jasho likimtiririka.

"Binti yangu, huyu si wako," alisema kwa sauti ya chini. "Wenyewe wamemweka humo umlelee. Nikisoma, ataondoka."

"Na mwanangu je?"

"Hakuna mwingine humo."

Dilber alianza kulia. "Msomee, shehe. Usimsikilize, msomee tu!"

Shehe alifumba macho, akafungua kinywa. Sevgül akainuka kwa shida, akamziba mdomo kwa kiganja chake.

"Nisamehe, baba," alinong'ona. "Utamwamsha. Ndiyo kwanza amelala."