Mke Wangu wa Dirisha la Tatu

"Mwanangu, mwanamume anayekuita mpenzi kwenye simu na 'dada' mbele za watu, anamwonea nani aibu?"

Jirani alimuuliza hivyo binti wa dirisha la tatu walipokuwa wakianika nguo. Binti akacheka tu. "Ah, mama, ni mambo ya kazini hayo."

Binti na mpenzi wake walikutana kwenye kituo cha mabasi, siku ya msongamano. Binti alikuwa akikata tiketi dirisha la tatu, kitambaa cha samawati kichwani, sauti imekauka. Fundi wa kompyuta akaja kutazama mashine yake, shati limepigwa pasi likanyooka.

"Imekufa?" binti akauliza.

"Imezimia tu. Imekuona, ikaishiwa nguvu."

"Basi iamshe, kaka, kabla abiria hawajanila mbichi!"

Mapenzi yakaanzia hapo. Ila meneja wa kituo alikuwa dada mkubwa wa fundi, aliyemlea na kumsomesha, na fundi aliogopa kuulizwa kama alisomeshwa ili aje kuoa mkata tiketi.

"Umeshamwambia dada?" binti alimuuliza kwenye simu.

"Nimemwambia, malaika wangu. Amefurahi mno! Jumapili anakungoja nyumbani."

Hakuwa amemwambia hata nusu neno.

Halafu ikasikika kwamba mkaguzi wa mitambo anakuja. Programu ya tiketi, kila ilipowashwa, ilikabidhiwa kutoka kwenye faili moja maneno machache ya kufanyia kazi, likiwemo neno la siri la kufungulia kumbukumbu za abiria. Fundi ndiye aliyelitunga, enzi mapenzi yakiwa moto: mkewangu_dirishalatatu. Sasa akaona haya lisije likasomwa. Akalibadilisha haraka haraka, kwenye faili na kwenye kumbukumbu zenyewe, akasahau kuizima programu na kuiwasha upya.

Asubuhi mkaguzi alipofika, tiketi zimegoma na abiria wanagonga vioo. Meneja akaingia chumba cha mitambo, wakata tiketi wakamfuata. Binti alikuwa amejifunga kitambaa kipya cha kijani, cha Jumapili, siku aliyoshindwa kuingoja.

"Faili halina kosa," mkaguzi alisema. "Lakini programu haisomi faili kila saa. Inatembea na kile ilichopewa ilipowashwa. Hebu tuone imebeba nini."

"Usijisumbue, mzee," fundi akadakia, jasho likimtoka. "Niizime tu, niiwashe."

"Ukiizima, ushahidi nao umekwenda."

Akaandika amri moja. Maneno yote ambayo programu ile ilikuwa imeyabeba yakamwagika kwenye kioo kikubwa cha kompyuta ukutani.

Meneja akasoma kwa sauti. "Mke wangu, dirisha la tatu." Akageuka. "Mke wa nani tena? Mbona mimi sijaambiwa kitu?"

Binti akamtazama fundi. Kumbe ndiyo furaha yenyewe hiyo! Nyuma yake wenzake walikuwa wakichekea viganjani. Uso ukamwaka moto, akatamani sakafu impokee.

"Ni neno la kubuni tu, dada," fundi alisema, macho chini. "Halimhusu mtu."

Mungu atuepushe na saa kama ile.

Meneja hakucheka. "Mdogo wangu, ulidhani ningekataa? Mimi ni nani hata nimkatae mtoto wa watu?" Akamsogelea binti, akamshika bega. "Mwanangu, kuna jambo kati yenu? Sema, usiogope."

Fundi akainua uso. Sasa alikuwa tayari kukubali, maana mlango alishafunguliwa na mwingine.

"Hakuna, mama," binti akajibu. "Halimhusu mtu."

"Mpenzi!" fundi akaita, mara ya kwanza mbele za watu.

Binti akakaza fundo la kitambaa chake cha kijani, akapita katikati ya wenzake, akatoka.