Vipimo vya Yeye

Haya sikusimuliwa na mtu aliyesimuliwa na mwenzake. Dada ni wangu, tumbo moja, na kwenye meza ya jikoni ambako mambo yalianzia nilikaa mimi, kompyuta mbele yangu na chai ikipoa pembeni. Ilikuwa Jumanne, saa nne asubuhi, jua limejaa dirishani. Sebuleni cherehani ya dada ilikwenda, ikasimama, ikaenda tena. Shemeji alikuwa akitembea kati ya friji na sinki, akinitamkia filamu yake kutoka kichwani, nami nachapa.

Shemeji ni mpiga video za harusi. Miaka kumi na miwili amekuwa akirekodi furaha za watu mpaka zikamchosha. Sasa alitaka filamu yake mwenyewe, ya kusisimua, na kwa kuwa mfuko ulikuwa mwepesi alijiwekea masharti. Nyumba itakuwa hiyohiyo yao. Sini zote za filamu mchana, maana taa za kukodi hana. Damu hakuna, damu ni gharama na inachafua makochi. Waigizaji ni watu wa humu ndani, ujira wao chakula cha mchana. Na nyota wa filamu wawe wabaya wenyewe.

"Mtazamaji awe upande wa wabaya, shem," aliniambia. "Awapigie makofi ukumbini, halafu akifika kwake ajishangae."

Hadithi ilikuwa rahisi. Mume na mwanamke mwingine wanapanga kumtoa mke ndani ya nyumba yake, taratibu, siku kwa siku, hadi majirani wasijue kwamba kuna mtu ametoka. Hakuna kisu wala sumu. Mke anapungua tu kwenye picha na yule mwingine anaongezeka. Mke angeigizwa na dada. Mume angekuwa shemeji mwenyewe, kamera ikiwa kwenye stendi. Yule mwanamke hakuwa na mwigizaji, wala jina. Shemeji alisema niandike YEYE, kwa herufi kubwa.

Cherehani ikanyamaza.

"Yeye nani?" dada akauliza kutoka sebuleni.

"Yeye tu. Mtu wa kwenye karatasi."

"Na anaingiaje humu ndani, huyo mtu wa kwenye karatasi?"

Shemeji akakuna kidevu. Hapo ndipo alipokuwa amekwama wiki nzima. Mlango wa kuvunja hatukuwa nao, na madirisha yote yana nondo. "Sijajua bado," alisema.

"Mwanamke haingii nyumba ya mwenzake mpaka afunguliwe," dada akasema, na cherehani ikaendelea.

Niseme la kwangu mapema, kabla watu hawajanisemea. Mimi nilikuwa na wivu na dada. Alikuwa na nyumba, mume mcheshi, kazi ya mikono yake na wateja wa kusubiriana mlangoni. Mimi nilikuwa karani wa shule iliyofungwa, nalala chumba cha wageni. Dada alinipenda kuliko nilivyostahili. Aliniita Chiriku kwa sababu ya mdomo wangu, na kila nguo aliyonishonea aliitia alama ndani ya pindo: mishono mitatu ya uzi mwekundu, mahali asipoona mtu. Alama hiyo ilikuwa ya watu wa damu yake tu. Mteja hata angelia asingeipata.

Alhamisi shemeji akataka Yeye ashonewe gauni, la kijani iliyokolea, mikono mirefu. Dada akafungua daftari lake la vipimo, akachomoa kalamu kwenye nywele, akatania: "Haya, mlete nimpime."

Shemeji hakucheka. Alikuwa anafuta lenzi ya kamera. "Bega kumi na tano," alisema. "Kifua thelathini na nne. Kiuno ishirini na sita. Hipsi thelathini na nane. Mkono wa kulia ishirini na mbili. Wa kushoto ishirini na mbili na nusu."

Kalamu ya dada ilibaki hewani.

Asiyeshona hawezi kujua uzito wa jambo hilo. Miaka tisa ya ndoa, shemeji hakuwahi kujua hata bega la mkewe, akienda kumnunulia blauzi humwonesha muuzaji kwa mikono, "yuko hivi hivi." Leo anataja vipimo sita bila kusita, na nusu inchi juu yake. Nusu inchi huipati kwa macho.

"Kuna mwanamke. Umemtoa wapi?" dada aliuliza polepole.

"Nimemtunga, acha wivu," alisema shemeji, na nadhani aliamini kweli kamtunga.

Mchana kutwa dada alipekua daftari lake, ukurasa kwa ukurasa, miaka yote ya wateja. Hakuna aliyelingana. Kisha akaniita nyuma ya pazia la kujaribia nguo, akanizungushia futi kiunoni, akaivuta hadi nikashika pumzi.

"Dada, kiuno changu na ishirini na sita waliachana shule ya msingi," nilisema, nikitaka acheke.

Hakucheka. Alikunja futi kidoleni. "Kikulacho ki nguoni mwako," alisema bila kunitazama. Iliniuma sana, kwa sababu vitu vyake vingi nilivitamani lakini mumewe sikumgusa.

Gauni alilishona kwa siku moja. Alilishona kwa hasira, na likatoka zuri kuliko yote niliyowahi kumwona akishona. Nilikaa karibu naye alipokuwa akikunja pindo: uzi mweusi, mwanzo hadi mwisho. Alama nyekundu hakutia. Akalitundika kwenye msumari kando ya pazia, limenyooka kwa pasi, likisubiri mwenyewe.

Jumamosi asubuhi lilikuwa na vumbi kwenye pindo.

Dada ndiye aliyeliona. Akaliinua, akanusa kwapani, akaniita kwa kidole.

"Umelivaa?" alinong'ona.

"Lingenipasukia mgongoni, dada. Litazame."

Akalitazama. Mkono wa kulia wa gauni ulikuwa bado umenyooka vilevile. Mkono wa kushoto ulikuwa na mikunjo kwenye kiwiko, ile mikunjo inayokaa kwenye nguo mtu akishafanya kazi nayo.

"Anatumia kushoto," dada akasema kwa sauti ya chini sana. Jikoni shemeji alikuwa anapiga mluzi.

Nilimwambia tulichome. Mkaa ulikuwapo, kiberiti kilikuwapo. Alikataa. "Nikilichoma atashonewa jingine na fundi mwingine, nami nisimjue kabisa. Nitalivaa mimi. Nikiwa mimi ndiye Yeye, nafasi itakuwa imejaa. Ataingia wapi?"

"Kiuno chako ni thelathini na tatu, dada."

"Nitajibana."

Ningemshika mkono. Ningelia. Badala yake, na hili sijisamehi, sehemu yangu ndogo ilitaka kuliona gauni likimkwama kiunoni mbele ya mumewe.

Jumapili, saa saba mchana, tuliingia nyuma ya pazia. Nje shemeji alikuwa anapanga stendi ya kamera. Dada akaingiza mikono. Akanigeuzia mgongo. Nikaishika zipu, nikasubiri ikwame.

Haikukwama. Ilipanda. Sikuivuta, niliishika tu.

Mkono wa kulia wa gauni ulifika kwenye kifundo cha mkono. Wa kushoto, uliozidi nusu inchi, nao ulifika palepale.

"Dada?"

Alikuwa anajitazama kwenye kioo. Alitazama kona zote, bila haraka, kama mtu anayekagua chumba kabla ya kupanga.

Kulikuwa na uzi unaning'inia kwenye mkono wa gauni. Alinyoosha mkono mezani, akachukua mkasi. Kwa kushoto. Mkasi wa dada ni wa mkono wa kulia. Ukiushika kwa kushoto unatafuna tu, haukati. Nilimsubiri ahangaike.

Ulikata.

Alifungua pazia, akatoka. Shemeji akainamisha jicho kwenye kamera. Hakushtuka hata kidogo.

"Kumbe ndivyo anavyoingia," alisema taratibu. "Anafunguliwa na mwenye nyumba. Andika hiyo, shem."

Nikaandika.

Tangu siku hiyo, mwanamke wa nyumba ile anashona, anapika, anacheka na wateja. Wameongezeka. Majirani wanasema amependeza, ndoa imemkubali upya. Mimi ananiita "mgeni wetu." Chiriku sijalisikia tena mdomoni mwake, hata siku nilipolitaja mwenyewe makusudi, alitabasamu tu, akaniuliza kama huyo ni ndege. Wiki ile ile nilihamia kwa mama.

Mama nilimweleza yote, kuanzia vipimo hadi mkasi. Alinisikiliza mpaka mwisho, akanishika goti.

"Ni wivu, mwanangu. Unao tangu utoto. Dada yako ana raha na mumewe, mwache."

Wivu ninao kweli. Ndio ufunguo waliotufungia wote wawili: dada aliposema kuna mwanamke, aliambiwa ana wivu, niliposema dada hayupo, nikaambiwa vilevile.

Filamu ilioneshwa ukumbi wa shule moja jirani, viti vikajaa. Dada yangu wa kweli yumo mwanzoni, sini nne, zilizorekodiwa kabla ya ile Jumapili ya gauni. Katika ya kwanza anacheka. Katika ya nne ni bega tu linaloonekana pembeni. Mwishoni kuna kiti kitupu mbele ya cherehani, pazia linacheza, kisha Yeye anakuja, anakaa, anaanza kushona. Ukumbi mzima ulisimama ukapiga makofi. Mama alipiga makofi. Upande wa mke nilikuwa peke yangu.

Wiki iliyopita nilikwenda kuchukua vitu vyangu vilivyosalia. Alikuwa kwenye cherehani, ndani ya lile gauni la kijani. Alikunja mguu, na pindo likageuka kidogo.

Nikaona uzi mwekundu.

Niliangusha pini makusudi, nikainama. Mishono mitatu, nafasi. Mitatu, nafasi. Mitatu. Ilizunguka karibu pindo lote, imepinda kama ya mtu anayeshona bila kuona. Uzi mweusi wa dada ulikuwa bado mzima, haujafumuliwa mahali popote. Vifundo vya uzi mwekundu vilituna kwa ndani, kati ya tabaka mbili za kitambaa, ambako hakuna mkono unaofika. Kabla mwisho haujakutana na mwanzo, palibaki upana wa kiganja.

Cherehani ikasimama juu yangu.

"Umepoteza kitu, mgeni wetu?"

"Pini tu," nilisema.

Nyumbani niligeuza pindo la blauzi yangu ya mwisho aliyonishonea dada. Mishono mitatu haikuwepo. Palikuwa na vitundu vidogo tu, uzi umevutwa ukatoka. Nikafungua kabati la mama, nikageuza nguo alizoshonewa na dada, moja baada ya nyingine. Zote zilikuwa hivyo.

Nikaelewa dada, ndani ya lile pindo, alikuwa anautoa wapi uzi wake, na kwamba umemwishia.

Asubuhi iliyofuata nilinunua kidonge cha uzi mwekundu. Mimi si fundi, lakini mishono mitatu naiweza. Nikaitia kwenye pindo la blauzi, jioni, nikaitundika mlangoni. Kulipokucha mishono haikuwepo. Nililia kwa furaha, nikatia mingine. Siku ya pili ikaondoka, ya tatu, ya nne. Kila nilipochoma sindano nilimwambia yale niliyoshindwa kumwambia akiwa nyuma ya pazia: rudi, nyumba ni yako, sitaki kitu chako chochote.

Leo asubuhi nimegeuza pindo. Mishono yangu yote mitatu ipo, haikuguswa. Kando yake kuna wa nne, wa uzi wa rangi ya lile gauni la kijani. Umelala upande wa pili, kama wa mtu anayeshona kwa kushoto.