Siku Mashine Zilipozimwa

Kila jioni, baada ya kuosha vyombo, Chiriku alimbebea shangazi yake chaki wakaenda pamoja kwenye darasa la watu wazima. Jina hilo alipewa na bibi yake, kwa sababu tangu alipojua kusema hakuwahi kunyamaza. Bibi alikuwa amefariki mwaka uliopita. Chumba walimokuwa wakilala wote wawili sasa kilikuwa cha Chiriku peke yake, na mara nyingine alijikuta anakisimulia kitanda kitupu mambo ya shule, kisha anakumbuka.

Wanafunzi wa shangazi walikuwa watu wa kazi. Walifika na uchovu wao, wakajibana kwenye madawati ya watoto. Hesabu waliipenda, kusoma walikupania, lakini historia iliwashinda. Shangazi akifungua kitabu cha wafalme na mikataba, fundi wa kuchomelea alianza kusinzia. Fundi cherehani aliwahi kuuliza, tena bila utani, habari za watu waliokufa zamani zingemsaidia vipi kukata suruali.

Jioni moja shangazi alikifunga kitabu. Aliwauliza kama kuna anayejua ghala la saruji lililo nyuma ya soko lilikuwa nini zamani. Wakamtazama. Kumbe karibu wote walijua: kilikuwa kiwanda cha nguo, na wengi walikuwa na mama au shangazi aliyefanya kazi pale.

"Hata bibi yangu," Chiriku akasema, kifutio cha ubao mkononi. "Alikuwepo siku wanawake walipozima mashine."

Wakamwomba asimulie. Ukweli ni kwamba alijua kidogo sana. Baba yake alimwambia kwamba akina mama wa kiwandani walikatazwa kunyonyesha watoto wao saa za kazi, wakagoma, na mwishowe wakapewa chumba cha watoto. Bibi mwenyewe, kila alipoulizwa, hata na shangazi aliyekuwa binti yake, alijibu kwamba walifanya kazi tu, akageuza mazungumzo. Lakini nyuso zote zilimwelekea Chiriku, na kumtaja Bibi kulimfanya ahisi kama yupo palepale, amekaa karibu naye. Basi akasema Bibi ndiye aliyezima mashine ya kwanza. Akasema Bibi alipanda juu ya meza akahutubia, na msimamizi akatetemeka kama aliyemwagiwa maji ya baridi.

Siku hiyo fundi wa kuchomelea hakusinzia. Vipindi vilivyofuata watu walileta ndugu na majirani, na Chiriku akazidi kuipamba hotuba. Fundi cherehani akapendekeza hotuba ile isomwe mbele ya wageni siku ya kufunga masomo. Shangazi alifurahi mno. Chiriku alitabasamu, kisha akageuka kufuta ubao uliokwisha kuwa safi.

Mmoja tu hakucheka wala kuuliza. Alikuwa mama mtu mzima aliyewapigia watu nguo pasi kwa malipo, nao wakamwita Mama Pasi. Alikuwa amejiunga na darasa ili ajue kuandika. Baada ya hotuba kuanza kuzungumzwa, aliacha kuja. Shangazi akamtuma Chiriku akamjulie hali.

Alimkuta barazani kwake, anapuliza makaa ya pasi. Chiriku akaamkia, akaitikiwa, akaonyeshwa kigoda. Mama Pasi alinyoosha kola ya shati taratibu, upande huu na upande ule, kabla ya kusema.

"Mimi nilikuwepo siku ile, mwanangu. Hakuna aliyepanda mezani."

Chiriku akainamisha kichwa.

Mama Pasi hakumgombeza. Alieleza kwamba aliyezima mashine ya kwanza alikuwa dada mmoja waliyemwita Mrefu. Hakusema neno. Alizima tu, akakaa chini, na wengine wakafuata. Kazi walirudishiwa wote isipokuwa yeye, na chumba cha watoto kilipofunguliwa hakukiona. Tangu hapo hakuna aliyemtaja tena.

"Na bibi yangu?" Chiriku akauliza kwa sauti ndogo.

"Bibi yako aliogopa. Baba yako alikuwa mchanga, na nyumbani hapakuwa na mtu mwingine wa kuleta chakula. Hakukaa nasi chini. Alitoka nje kwenye geti, tulikokuwa tumewaacha watoto wetu wakilia, akawakusanya kivulini. Mimi maziwa yalikuwa yamenikauka kwa hofu. Mwanangu alinyonya kwake. Nilimwona kupitia dirishani, baba yako ziwa hili, wangu ziwa lile, naye anaimba."

"Alikuwa anaimba?"

"Vibaya sana," Mama Pasi akasema, akacheka kidogo. "Lakini watoto walinyamaza."

Chiriku akalia. Alimjua Bibi huyo. Ndiye aliyemwimbia hivyohivyo usiku wa homa, sauti ikipotea njia katikati ya wimbo.

Kipindi kilichofuata alisimama mbele ya darasa, akasema hotuba aliitunga yeye. Kisha akasimulia aliyoyasikia. Alitarajia wangemzomea. Badala yake fundi cherehani akakohoa.

"Mama yangu hakuizima ya kwake," akasema. "Alifanya kazi mpaka jioni. Amekufa na aibu hiyo, na hata sisi wanawe hatukuruhusiwa kuiuliza. Kumbe hakuwa peke yake aliyeogopa."

Fundi wa kuchomelea akauliza Mrefu alihamia wapi, na kama ana watoto. Hakuna aliyejua. Mama Pasi, aliyekuwa amerudi kwenye dawati lake, alinyanyuka akaomba chaki. Aliandika jina la Mrefu ubaoni, herufi moja moja, nao wakamsubiri.

Shangazi alimshika Chiriku bega. "Ulimpenda bibi yako ukataka awe mkubwa," akamwambia. "Lakini ukimtungia mtu maisha, unamficha yeye, na unawafuta waliokuwa naye. Watu hawa hawakuhitaji shujaa. Walihitaji kusikia habari za watu kama wao, za kweli."

Jioni hiyo Chiriku alimkumbuka Bibi kuliko siku zote, ikamuuma zaidi, kwa sababu sasa alikuwa na maswali ya kumuuliza.