Mpitaji wa Waya wa Vilindini

Waya ulikataa kukauka. Fundi aliufuta, akaupuliza hewa ya moto, akaufuta tena. Maji meusi yakazidi kuchuruzika kwenye ncha, yakinuka mzoga.

"Bahari hiyo, shemeji," alitania Nanga, mume wa dada yake, msimamizi wa sitaha. "Ulitaka inukie marashi?"

Jua lilikuwa la utosi. Waya huo ndio uliobeba simu na intaneti za nchi nzima. Tangu ukatike, hospitali hazikuweza kuitana. Meli yao ilikuwa imezivuta ncha zote mbili kutoka vilindini ili fundi aziunge.

Nanga akaishika ncha amsaidie. Papo hapo kicheko kikamkatika.

"Unga," alisema. Sauti ilikuwa nzito, yenye mapovu.

"Shemeji, acha utani."

"Huyu hayupo. Mmelaza uchafu wenu kitandani kwangu. Mchana kutwa, usiku kucha, mnaropoka juu ya kichwa changu. Nimeukata mje. Sasa unga, nipite, nikawaone hao wanaonipigia kelele."

Nahodha alikuja mbio, akaona maji yakimbubujika Nanga masikioni, akarudi nyuma.

"Tuutupe?" fundi alinong'ona.

"Tukiutupa, huko nchi kavu watu watakufa. Na huyu je, hilo lililomwingia si litammaliza?"

Basi fundi akaunga, unyuzi baada ya unyuzi, kila mmoja mwembamba kama unywele, huku pumzi ya baridi ikimpiga kisogoni, na kila unyuzi uliposhikana Nanga akazidi kupauka na kulegea, mpaka wa mwisho uliposhika akaanguka kama gunia, na waya ukajinyonganyonga mikononi mwa fundi kama koo la nyoka anayemeza.

Kisha ukatulia. Mawasiliano yakarudi, sitaha ikalipuka kwa vifijo. Nanga akafumbua macho, akaomba maji kwa sauti yake mwenyewe. Fundi, machozi yakimlengalenga, akakimbilia simu ya meli kumpigia dada yake.

"Dada, mumeo mzima! Alitutia hofu, lakini sasa…"

"Si ninamwona?" dada akacheka. "Ameingia sasa hivi. Mbona mmeniletea mtu amelowa chapachapa, hata viatu hana? Haya, anataka kukusalimia."

"Usimpe simu! Dada, toka nje, toka…"

Simu ilikwishabadili mikono. Kwanza yalisikika mapovu.

"Ahsante kwa kuniunga, shemeji."