Kinu cha Mwinyimvua

Mimi naitwa Somoe. Mume wangu ni Mwinyimvua, na kazi yetu ni kushindika mafuta ya ufuta hapa Bagamoyo, upande wa Dunda. Wakwere hutuletea ufuta kutoka mashamba yao. Sisi tunatoa mafuta ya kupikia, ya kuwashia taa na ya kujipaka. Si kazi ya utajiri, lakini hatujalala njaa, alhamdulillahi.

Kinu chetu si kile cha kutwangia mpunga. Ni gogo kubwa la mkwaju lililosimikwa ardhini. Tumbo lake limechongwa, na humo husimama mchi mnene kama paja la mtu. Mchi umefungwa kwenye boriti, na boriti inavutwa na ngamia. Tunamfunga kitambaa machoni asipate kizunguzungu, naye anazunguka kutwa. Ufuta unapondeka, mafuta yanatoka kwa tundu la ubavuni na kuingia mtungini. Yanayobaki ni mashudu, nayo ngamia anayapenda kuliko mimi ninavyopenda halua.

Mwaka ule mafuta yalianza kupungua. Ufuta ulikuwa uleule, na ngamia yuleyule, lakini mtungi haukujaa. Nikiyafinya mashudu mkononi, vidole vinalowa mafuta. Mchi nao ukawa unacheza ndani ya kinu. Nikamwambia mume wangu kuna kitu kimeharibika. Yeye ni mbishi, nami nimelelewa na kaka watano, kwa hiyo wabishi nawajua. Alisema dawa ni uzito. Akaongeza mawe juu ya boriti. Mafuta hayakuongezeka. Akaongeza mawe mengine. Asubuhi moja tukasikia mlio, na kipande cha mdomo wa kinu kikaruka mpaka mlangoni.

Siku hiyohiyo Mwinyimvua alisema kinu kimekufa, na kwamba amepata kingine. Kule Kaole kuna mtu anaacha kazi ya mafuta, naye anatoa kinu chake. Nilifurahi. Kisha nikauliza anataka nini. Mume wangu akatazama chini, nikajua jambo si jema. Yule mtu alitaka minazi yangu kumi na minne.

Minazi ile aliniachia mama yangu. Aliipanda kwa mkono wake, akaimwagilia kwa kifuu mpaka ikashika. Sina kitu kingine duniani ambacho ni changu mimi. Lakini kinu kisipozunguka, tutakula nini? Usingizi ulinipaa. Nilimwomba mume wangu siku tatu tu, akanipa.

Kesho yake nilimwona Mbaruku akipita na shoka begani. Mbaruku ni fundi wa mbao. Amechonga vinu vya mafuta tangu ujana wake. Nilimsimamisha, nikamweleza habari yote. Alisikiliza mpaka mwisho, kisha akasema hawezi kusema neno bila kukiona kinu.

Mume wangu aliposikia, alikasirika. Lazima niwaambie sababu, ingawa si ya kujivunia. Mbaruku alikuwa mtumwa. Bwana wake alimwandikia hati ya uhuru, akafa. Mwinyimvua alisema hawezi kufundishwa kinu chake mwenyewe na mtu aliyemjua tangu akiwa mtumwa. Aliyemjibu ni mama yake, Bi Mgeni, ambaye tunakaa naye nyumba moja.

"Mwanangu," alisema, "kuuliza si ujinga. Mwite fundi."

Mama akishasema, mtoto atasema nini? Mbaruku akaja.

Alimwamkia Bi Mgeni shikamoo, akaitikiwa marahaba, ndipo akavua kanzu na kubaki na shuka. Hakukimbilia pale palipovunjika. Aligonga gogo zima kwa nyundo ya mti, kuanzia juu mpaka chini, sikio likiwa karibu. Alisema mti mzima hulia, na mti uliooza hukaa kimya. Kisha akachimba pembeni ya shina kutafuta mchwa. Hakuona hata mmoja. Mwisho aliziba lile tundu, akajaza maji kinuni na kutia alama ya mkaa yalipofika. Tukasubiri tangu adhuhuri mpaka alasiri. Maji hayakushuka hata upana wa ukucha.

"Kinu hiki hakijafa, Bwana Mwinyimvua," alisema. "Kimelika tumboni, na mdomo umekatika kwa sababu ya mawe. Lakini mwili ni mzima. Nitachonga tumbo jipya la mkwaju mkavu, nilitie ndani ya hili la zamani. Nitachonga na mchi wa kulingana nalo. Mdomo nitauvisha pete ya chuma. Kama mwili ungekuwa na ufa, ningekwambia ukifanye kuni."

Mume wangu akasema fundi yeyote atasifu kazi yake ili apate ujira. Mbaruku hakukasirika. Alisema hataki ujira sasa. Atachukua mitungi ya mafuta kinu kikishatoa mafuta, na kisipotoa hatadai kitu. Akaongeza kwamba ni haki yetu kukiona na kile cha Kaole. Aliyeona kimoja tu hajachagua.

Walikwenda wote wawili kesho yake. Mume wangu alinieleza waliporudi. Kinu cha Kaole kiling'aa kama kimechongwa juzi, kwa kuwa kilipakwa mafuta nje kote. Mbaruku aliomba maji. Mwenye kinu akasema maji yataharibu mbao. Hapo Mwinyimvua naye akashtuka. Kinu kinacholoweshwa mafuta kila siku kitaogopaje maji? Akashikilia mpaka maji yakaletwa. Kabla hawajamaliza kuongea, maji yalikuwa nusu. Mbaruku alikwangua kwa kisu, ukatokea ufa mrefu kutoka tumboni mpaka kwenye shina. Ulikuwa umezibwa kwa nta na majivu.

Walipofika barazani, mume wangu akamwambia Mbaruku aanze kazi.

Lakini Mbaruku hakuanza. Alisema ugonjwa bado hajaujua. Mti wa mkwaju hauliki haraka hivyo, na tumbo jipya nalo litalika kisipojulikana kilicholila la kwanza. Akaingiza mkono chini kabisa ya kinu, akatoa tope la mafuta. Akaliosha kwa maji ya moto ndani ya kifuu, akamwaga maji polepole. Chini ya kifuu palibaki mchanga.

Akauliza mchanga huu umetoka wapi. Sote tulikuwa tunajua, na hakuna aliyetaka kutazama upande wa Bi Mgeni.

Mama mkwe wangu hawezi kuona punje ya ufuta chini. Husema riziki haikanyagwi. Kila jioni alizoa ufuta uliomwagika kuzunguka kinu, akaurudisha kinuni, na mchanga wa Bagamoyo ukaingia pamoja nao. Kwa miaka tisa, kila jioni. Sisi tulimsifu kwa uchaji wake.

"Basi ni mimi," alisema Bi Mgeni. Sauti yake ilikuwa ndogo. "Nimekula kinu cha mwanangu kwa mkono wangu."

Mbaruku alichuchumaa mbele yake, kama mtoto mbele ya mama yake.

"Mama, uliiheshimu riziki, na hilo si kosa. Iheshimu vilevile. Ila ioshe kwanza, usiitie kinuni na mchanga wake."

Akatuonyesha namna. Tutandike mkeka kuzunguka kinu, ufuta uangukie juu yake. Ule unaodondoka mchangani tuutie kwenye beseni la maji na kuukoroga. Mchanga unazama haraka, na ufuta unaenguliwa juu kwa chujio, kisha unaanikwa ukauke. Hata ufuta mpya wa Wakwere tuupepete na kuuosha, maana nao hupurwa chini. Bi Mgeni alimwomba arudie mara mbili ili asisahau. Toka siku hiyo kazi ya kuosha ni yake, na ole wako uiguse.

Kazi ilichukua siku kumi na moja. Siku ya kumi na mbili tulimfunga ngamia. Mchi haukucheza. Mume wangu aliinama penye tundu tangu ngamia alipoanza kuzunguka. Mafuta yakaja, mwanzo tone moja moja, kisha uzi mmoja usiokatika. Akachukua mashudu, akayafinya kwa nguvu zake zote. Vidole vikatoka vikavu.

Alinijia jikoni na yale mashudu mkononi.

"Somoe, nisamehe. Nilitaka kutoa minazi ya mama yako ninunue ufa."

Nilimwambia nimesamehe. Kisha nikalia sana, na hapo ndipo nilipojua hofu niliyokuwa nayo siku zote zile. Nilimshukuru Mungu, nikamshukuru na mama yangu kaburini kwake.

Kinu kile bado kinazunguka, huu ni mwaka wa tatu. Kila mwaka Mbaruku huja kukikagua, hata bila kuitwa. Ndugu yangu unayesoma, kama una chombo kimeharibika, usikimbilie kukitupa, wala usiking'ang'anie kwa mapenzi tu. Ukague mwili wake. Kitafute kilichokiharibu. Hicho kipya unachokitamani, nacho kitie maji.

Lakini ninalolishukuru zaidi ni la siku Mbaruku alipokuja kuchukua ujira wake. Ilikuwa Ijumaa, watu wametoka msikitini, njia imejaa. Hapa kwetu mwungwana, mtu asiyewahi kuwa mtumwa, habebi mzigo njiani, watu watamcheka. Mbaruku aliinama kuuinua mtungi wa kwanza. Mume wangu akamshika mkono, akamzuia. Akautia mtungi begani mwake yeye Mwinyimvua, akatoka nao mbele za watu wote, Mbaruku akitembea pembeni yake mikono mitupu.