Maziwa ya Njano

Mwaka 1995, nyumbani kwa Febronia katika kijiji cha Nyakisasa, karibu na mpaka, hakukuwa na kitu cha mtu mmoja. Ndizi na maharage viliiva chungu kimoja, vikaliwa sinia moja. Ntwari, kijana aliyevuka mpaka akikimbia vita, alikaribishwa kama mwana.

Basi miguu ya Ntwari ilipovimba, Febronia hakusita. Naye aliwahi kuvimba miguu kwa ugonjwa wa moyo. Hospitali ilimpa vidonge vidogo vya digoksini, na miguu ikanywea.

"Meza, mwanangu. Hapa hatuli mgeni akitutazama."

"Hata dawa, mama?"

"Kwani dawa huuliza mtu katoka wapi?"

Akawa anampa kila asubuhi. Haukupita muda, Ntwari akaanza kutapika. Kisha siku moja alisukuma kikombe.

"Mama, mbona maziwa yamekuwa ya njano?"

Maziwa yalikuwa meupe pe. Febronia alimshika mkono. Mapigo yalikwenda, yakasita, yakaenda tena. Majirani walimpakia kwenye baiskeli hadi hospitali ya kambi ya wakimbizi.

Muuguzi Ineza alimpima Ntwari, akauliza amemeza nini. Febronia akafungua kitambaa chenye vidonge, akaeleza kuwa ni vyake vya moyo.

"Lo, mama! Wewe moyo wako ni dhaifu, na dawa hii huupa nguvu ya kusukuma damu. Huyu amevimba kwa sababu ya figo. Figo ndizo zinazoitoa dawa hii mwilini. Zake zimeshindwa, nayo imejikusanya. Ikizidi, mtu hutapika, huona njano, na moyo huweza kusimama."

"Kidonge kidogo hivi?"

"Hutoka kwenye majani ya ua la Ulaya. Ndani ya jani mna kemikali: kiini kigumu, na sukari zimeungana nacho kama shanga. Ndugu yake yumo katika mti wa sumu ya mishale."

Febronia alimkumbuka baba yake. Alikuwa mwindaji. Febronia mwenyewe aliwahi kumwona nyati akianguka kwa mshale wenye sumu hiyo. Kumbe kilichousimamisha moyo wa nyati ni ndugu wa kile kinachouendesha wake! Alikitazama kidonge kama mtu aliyeshika radi iliyolala.

"Sasa sumu na dawa hutofautiana wapi?"

"Kwenye kipimo, mama. Na kwenye mwili wa anayemeza."

Ntwari alilazwa. Digoksini ilisimamishwa, moyo wake ukaangaliwa usiku na mchana, figo zikatibiwa. Aliporudi, vidonge vya Febronia vilikuwa ndani ya kopo lenye kifuniko, juu, mbali na mikono ya watu.

Febronia alimmiminia maziwa.

"Yana rangi gani?"

"Meupe, mama."

"Basi kunywa. Haya ndiyo tunayogawana."