Jalada la Kiitikio

Picha ilikuwa imefunga mdomo. Hilo Rula angeweza kuliapia mbele ya yeyote, maana ndiye aliyeipiga, na ndiye aliyemwambia dada yake, "Funga mdomo, jalada si tangazo la dawa ya meno." Sasa ameketi mbele ya kompyuta mchana kweupe, na dada yule yule anatabasamu kwenye kioo cha kompyuta, meno ya juu yanachungulia kidogo, kama mtu aliyesikia siri tamu na anajizuia kuisema.

Akasogeza kiti nyuma. Akajiambia ni macho. Mtu akitazama kitu kimoja kutwa, hata ukuta humkonyeza. Ndipo akasikia harufu ya marashi ya waridi, nzito, ya kizamani, na katika nyumba ile hakuna aliyepaka marashi.

Turudi nyuma kidogo, maana kilichoingia humo hakikuvunja mlango. Kilikaribishwa.

Rula lilikuwa jina la utani la chuoni, hata mama yake alikuwa ameshalizoea. Walimwita hivyo kwa sababu mstari ukipinda hata unene wa unywele, yeye hulala na kinyongo. Alikuwa mwaka wa mwisho wa masomo ya habari, na kundi lake lilipewa kazi ya kutengeneza jarida la muziki, habari zake, picha zake na jalada lake. Wakaliita Kiitikio, ile sehemu ya wimbo ambapo mmoja anaimba na wengine wanamjibu. Jalada akapewa Rula, hakuna aliyebisha. Ubishi ulikuja walipochagua uso wa kuweka juu yake, na huo ulikuwa ubishi wa kimoyomoyo, wa Rula peke yake, kwa kuwa kundi zima na mwalimu wao walimtaja Kinanda.

Kinanda alikuwa mtoto wa marehemu mama mkubwa. Aliletwa kwao akiwa na pengo la meno ya utotoni, begi moja, na sauti ambayo ikipita jikoni watu husahau chungu motoni. Mama yake Rula, fundi wa kushona aliyefanyia kazi zake barazani, alimpokea kama aliyerudishiwa dada yake. Kinanda aliitwa "mwanangu." Rula aliitwa Rula.

Mama yule alikuwa mcheshi, ila jambo moja hakulifanyia mzaha: kuitika. Ukiitwa, "abee, mama" itoke kabla hujaweka chini ulichoshika. Kuitwa mara mbili ni utovu wa adabu. Mabinti wote wawili walikua hivyo, hata usingizini wakiitwa waliitika.

Kwa ajili ya picha ya jalada mama alimshonea Kinanda gauni la kijani. Kitambaa chake kilikuwa kimelala kabatini miaka, na Rula alikuwa ameahidiwa yeye, kwa siku ya kuhitimu. Alipouliza, mama alimjibu bila kuinua macho kwenye cherehani, "Wewe unakaa nyuma ya kamera, nani atakuona?" Hakukusudia ubaya, maskini. Lakini neno lile lilimkwama Rula kooni kama mwiba wa samaki, na kila alipomeza mate alilisikia.

Sasa, watengeneza majalada wana namna yao ya kufanya kazi. Jina la jarida huandikwa juu kwa herufi kubwa, na kichwa cha mwenye picha hupitishwa mbele ya herufi hizo, kizifunike kidogo, ionekane amesimama mbele ya jina lenyewe. Ili kupata hivyo, lazima ukitenge kichwa, ukiweke kwenye tabaka lake peke yake, juu ya maandishi. Chuoni walikuwa na neno la mkato: kumkata kichwa. "Umeshamkata?" wanaulizana, halafu wanacheka.

Basi siku moja kabla ya tabasamu lile, jua likiwa utosini, Rula alikuwa akimkata Kinanda. Alimzunguka kwa kipanya taratibu, sikio, shavu, kidevu, nywele moja moja, na kadiri alivyouzunguka uso ule ndivyo alivyouona ulivyo mzuri, na ndivyo wivu ulivyompanda kutoka tumboni hadi kwenye ulimi. Alipomaliza, uso ukabaki unaelea peke yake bila shingo. Akasema kwa sauti, kwa kuwa hakukuwa na mtu, "Nani anautaka uso huu? Auchukue. Mimi nimeuchoka."

"Abee," ikajibu sauti ya kike nyuma yake, laini, yenye adabu zake zote.

Aligeuka akidhani ni Kinanda. Mlango ulikuwa umefungwa. Akaona labda ni mteja wa mama huko barazani, akarudi kwenye kazi yake. Mdomo huponza kichwa, walisema wahenga, ila hawakutaja kichwa cha nani.

Ndiyo maana siku ya pili, pua imejaa marashi, Rula hakujua aogope nini hasa. Alikuwa bado anaitazama picha aliposikia Kinanda anarudi kutoka chuoni, akimwamkia mama barazani.

Mama akaitikia marahaba. Kisha akasema, "Karibu, binti. Umekuja kuchukua nguo?"

Kinanda akacheka, akidhani anataniwa. Mama hakucheka. Rula akatoka haraka, akamkuta dada yake kwenye ngazi, na alipomtazama usoni akashindwa kuushika uso wake akilini. Macho yalikuwepo, pua ilikuwepo, mdomo ulikuwepo, lakini ukihamisha tu jicho, hukumbuki umeona nini. Ungemjua kwa mkoba na kwa viatu.

"Mama, ni mimi Kinanda," alisema kwa sauti ya chini.

"Kinanda yupo ndani," mama akamjibu, mguu wake ukiendelea kukanyaga cherehani. "Humsikii anavyoimba?"

Na kweli. Kule chumbani, ambako Rula ametoka sasa hivi na hakuacha mtu, mtu alikuwa anaimba.

Tuseme ukweli. Kitu cha kwanza kilichomwingia Rula hakikuwa hofu. Ilikuwa furaha, ndogo na chafu, ya kumwona Kinanda amesimama mlangoni kama mgeni. Haikudumu. Mama aligeuza uso kuelekea chumbani, macho yamelegea kwa mapenzi, akasema, "Imba, mwanangu, imba." Na Rula, ambaye nywele za shingoni zilikuwa zimeshamsimama, akajikuta anamwonea wivu hata huyo aliyemo ndani.

Akaurudia mlango wa chumba, akausukuma kwa vidole, na marashi yakampiga usoni, na kitandani kwa Kinanda palikuwa na mtu amempa mgongo, anachana nywele polepole, anaimba bila kuvuta pumzi, mstari baada ya mstari, hakuna mahali sauti inapokatika ili kifua kipate hewa, na yule mtu akaacha kuchana, akageuka, akawa na uso wa Kinanda, uso kamili, mzuri, wenye tabasamu lile la kwenye kioo, ila dirisha la chumba lilikuwa kuliani na mwanga wote wa mchana uliingilia huko, na uso ule ulikuwa umeangazwa upande wa kushoto, pale pale Rula alipoiweka taa siku ya kupiga picha.

"Ahsante," ukamwambia.

Hakukumbuka amekimbiaje. Alijikuta mtaa wa pili, amemshika Kinanda mkono, Kinanda amejifunika mtandio uso mzima, wanabisha kwa mtabibu, mama mmoja mnene mwenye kikohozi ambaye watu humwendea dawa za dukani zikishindwa. Rula alianza kwa kuzungukazunguka, mara picha, mara marashi. Mtabibu akamkatiza, akataka maneno yenyewe, alivyoyasema, bila kupunguza. Ikabidi ayatamke mbele ya Kinanda. Mtandio wa Kinanda ulitikisika pale palipokuwa na mdomo, akauachia mkono wa Rula.

"Majini hawa hawaibi kama sisi," mtabibu akasema. "Hupewa. Wewe umetoa, yeye ameitika, biashara imekwisha."

Rula akalia, akauliza kama haiwezi kuvunjwa.

"Ulichokata, unga. Rudisha kichwa shingoni kwake, useme uso huo hukuwa wako kuutoa. Atauachia. Lakini mkono mtupu haulambwi, na yeye hapendi kuondoka mtupu. Atakuita, mwanangu. Atakuita kwa sauti unazozijua. Mpaka jua lizame, usiitike. Ukinyamaza ataondoka na njaa yake. Ukiitika, umejitoa mwenyewe."

Walirudi watatu, jua limeshaanza kulegea. Mtabibu akasimama kwenye mlango wa chumba akisoma dua kwa kunong'ona, na wimbo ukakatika. Ndani hakukuwa na mtu, marashi tu. Kisha akaenda kukaa barazani kati ya mama na yule binti asiyetambulikana, akamshika mama mkono ili hata kwa bahati mbaya asije akaita. Rula akaingia peke yake, akafunga mlango.

Kazi yenyewe haikuwa ndefu. Alikishusha kichwa chini ya herufi, akakileta shingoni, akaliunganisha tabaka na tabaka mpaka picha ikawa kitu kimoja, na jina KIITIKIO likampita Kinanda kwenye paji la uso, jalada baya kabisa, ambalo mwalimu angelirudisha. Akatamka maneno aliyofundishwa. Kwenye kioo, Kinanda akafunga mdomo.

Hapo hapo barazani mama akalia kwa sauti, "Mwanangu! Mwanangu, ulikuwa wapi?" Viti vikaburutwa, watu wakacheka na kulia pamoja. Hakuna aliyemtaja Rula.

Alikaa akitazama dirishani, jua limebaki kipande. Ikaja sauti ya mwalimu kutoka uani, inamwita kuhusu jalada. Akauma mdomo. Ikaja sauti ya Kinanda mlangoni, inalia, inasema imemsamehe. Akaziba masikio. Marashi yakarudi, mazito, karibu, nyuma ya shingo yake, na kitanda kikalia kama kimekaliwa, kisha ikaja sauti ya mama, si kutoka barazani ambako mama alikuwa ameshikwa mkono, bali hapo hapo nyuma ya kiti, polepole, kama mtu anayemfunika mtoto shuka.

"Mwanangu. Yule nilimlea tu. Wewe ndiye wangu."

Rula alijua. Hata alipokuwa anafungua mdomo alijua ni nani. Lakini maneno yale, hata yakisemwa na jini, alikuwa hajawahi kuambiwa na mtu mwingine.

"Abee, mama," akasema.

Mkono wa baridi ukampita usoni, kuanzia kwenye paji hadi kidevuni, kama mtu anayefuta vumbi kwenye kioo. Rula akaruka, akatokea mlango wa nyuma, akaizunguka nyumba mbio mpaka barazani. Jua lilikuwa limezama. Kinanda alikuwa kifuani kwa mama, uso wake umerudi wote, mzuri vile vile. Mtabibu peke yake ndiye aliyemtazama huyu anayehema mbele yao, akamtazama kwa muda, kisha akainamisha macho.

Mama akainua kichwa, akajipangusa machozi, akamtolea tabasamu la wateja.

"Karibu, mwanangu," akasema. "Umekuja kuchukua nguo?"

Rula akafungua mdomo. Mama alikuwa ameshageukia mlango wa ndani.

"Rula! Hebu mletee mgeni nguo yake."

Na kule chumbani sauti ikaitika mara moja, bila kungoja kuitwa mara ya pili:

"Abee, mama."